Bustani ya Kijapani inayoirudisha jamii kwenye asili yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndo yanayorudi kila watu wakikaa kupanga bustani ya aina hii, iwe ni kamati ya hekalu la Kibudha, kituo cha utamaduni au familia tano sita zenye kiwanja na hamu. Mifano mingi ni ya Wajapani wa Marekani na Kanada kwasababu huko ndiko jamii ilivunjwavunjwa vibaya na huko huko bustani zikatumika kuiunganisha tena.

## Kwanza tuelewane

Bustani ya Kijapani ni nini hasa? Mbona kila hoteli inasema inayo?

Taa ya mawe na mianzi miwili mitatu pembeni ya maegesho haitoshi. Kuna aina kadhaa, na kubwa tatu ni hizi: ile yenye vilima, bwawa na njia ya kuzunguka, ile kavu ambayo mawe na kokoto zilizochanwa kwa reki zinashika nafasi ya milima na maji, na ile ndogo ya kupitia ukienda chumba cha chai. Bustani nyingi za jamii nje ya Japani ni mchanganyiko, na hamna ubaya wowote.

Kinachoziunganisha zote ni kwamba mtu amepanga utaona nini, ukiwa wapi, na baada ya kuona nini. Hauoni bustani yote kwa mara moja, unaipata kidogokidogo kadri unavyotembea.

Bustani inairudishaje jamii kwenye asili yake? Si ni miti tu?

Hapa lazima ujue historia kidogo. Wahamiaji wa kwanza toka Japani, wanaoitwa issei, walikuta sheria zinazowazuia kumiliki ardhi, California ilianza mwaka 1913 na Washington ikafuata 1921. Wengi wakaishia kutunza bustani za watu wengine, asubuhi hadi jioni, na ikawa ndo kazi inayolisha familia. Halafu tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt akasaini amri namba 9066 na watu kama 120,000 wa asili ya Kijapani wakatolewa majumbani pwani ya magharibi na kupelekwa kufungwa kambini wakati wa vita na Japani, na theluthi mbili yao walikuwa raia waliozaliwa Marekani. Kanada nayo iliwaondoa zaidi ya 20,000 na haikuwaruhusu kurudi pwani mpaka 1949.

Waliporudi wengi walinyamaza. Watoto wao wakafundishwa wasionekane Wajapani sana, lugha ikapotea, mila zikabaki kwenye chakula na misiba. Sasa mjukuu wa mtu kama huyo hawezi kusoma barua za babu yake, lakini anaweza kushika mkasi wa kupogolea na kuoneshwa na mzee mkono unakaaje. Ujuzi wa bustani ni urithi ambao haukuhitaji lugha ili uvuke, ulikuwa umeshakuwa kazi ya familia, na ndo maana bustani inafaa kwa jambo hili kuliko hata sanamu au jengo.

Tutazame mfano gani kwanza?

Seiryu-en, iliyopo Little Tokyo, mtaa wa Wajapani wa Los Angeles. Wengine wanaiita bustani ya James Irvine. Ilimalizika 1979, mchoraji alikuwa Takeo Uesugi, na waliobeba mawe na kupanda miti walikuwa mafundi bustani Wajapani wa Marekani waliojitolea, watu ambao wiki nzima wanakata nyasi za wengine na siku ya mapumziko wanakuja kujenga ya kwao.

Angalia kijito chake, kina futi 170 hivi, kama mita 52. Kinaanza juu kwa maporomoko yenye kelele, maji yanagonga mawe, hiyo ni issei na shida zao. Kikishuka kinagawanyika matawi mawili, ndo kizazi cha pili, nisei, waliovutwa huku na huku kati ya Japani na Marekani. Chini maji yanaingia bwawa lililotulia, kwa ajili ya sansei, kizazi cha tatu, na watakaofuata. Hakuna kibao kinachohitajika ili uyahisi haya, ukishuka na kijito masikio yenyewe yanakwambia kelele imepungua. Na mchoro huu haufai kuhamishiwa kwingine, ni historia ya watu wale, ndo somo lenyewe.

Na nje ya Los Angeles?

Seattle kuna Kubota Garden. Fujitaro Kubota alitoka kisiwa cha Shikoku, akafika Marekani 1907, akajifunza bustani mwenyewe bila shule yake, akafungua kampuni 1923. Mwaka 1927 alipata ekari 5 za kinamasi mtaa wa Rainier Beach, ikabidi zinunuliwe kwa jina la rafiki kwasababu ya sheria niliyoitaja juu. Vita vikaja, familia ikapelekwa kambi ya Minidoka, Idaho, bustani ikaachwa kama miaka minne ikawa pori. Kule kambini nako mzee alijenga bustani langoni. Aliporudi alianza upya, ikafika ekari 20, na mji ukainunua 1987. Leo unaingia bure.

Kanada kuna Nikka Yuko, Lethbridge, iliyofunguliwa 1967, mchoraji alikuwa Profesa Tadashi Kubo kutoka Osaka, na jengo lake la mbao lilitengenezwa Kyoto likavushwa bahari. Halafu New Denver, British Columbia, kwenye kituo cha kumbukumbu ya waliofungwa, kilichofunguliwa 1994, kuna bustani iliyochorwa na Roy Tomomichi Sumi. Ni ndogo, na ipo katikati ya vile vibanda walivyoishi wafungwa wenyewe. Kama bajeti yenu ni ndogo, hii ya New Denver itawafundisha zaidi kuliko hizo kubwa.

## Watu kabla ya mawe

Nani aulizwe kwanza?

Wazee, tena waulizwe wakiwa wamesimama kwenye kiwanja chenyewe. Ukumbini na maikrofoni watu wanatoa hotuba, lakini wakiwa wamesimama kwenye udongo utamsikia mama anasema tu "kwetu kulikuwa na mti wa kaki karibu na mlango wa jikoni, tulikuwa tunaanika matunda kwenye kamba" na hapo umeshapata kitu cha kuweka kwenye mchoro.

Chora ramani ya kumbukumbu kabla ya ramani ya bustani. Familia zilitoka mkoa gani wa Japani (Hiroshima, Wakayama, Kumamoto, Okinawa, mazingira yake yanatofautiana sana), walifanya kazi gani walipofika, walikuwa kambi gani. Jamii ya wavuvi haiwezi kupewa bustani ya watawa wa Zen eti kwasababu picha yake ni nzuri.

Wazee hawataki kuongelea kambi. Tufanyeje?

Msiwalazimishe jamani. Uliza vitu vya mikono: ulikuwa unapanda nini, jiwe hili ungelilaza upande gani. Mara nyingi habari yenyewe inatoka pembeni, wakati mtu anang'oa magugu na hamtazamani usoni. Na wengine hawatasema kabisa, basi, kazi yao kwenye bustani ndo mchango wao.

Lazima mchoraji awe Mjapani?

Hapana, ila lazima awe amefanya kazi chini ya fundi anayejua, hasa mawe na kupogoa. Mimi naogopa zaidi mchoraji anayekuja na bustani yake tayari kichwani, awe wa Kyoto au wa kwingine. Mchoro ukiwa tayari kabla hajaongea na watu, huo ni wake, sio wenu.

Mpangilio unaofanya kazi vizuri ni mchoraji mmoja mwenye neno la mwisho juu ya umbo na kamati yenye neno la mwisho juu ya maana. Kamati ikianza kupigia kura kila jiwe bustani inakuwa ghala la mawe, hilo msilifanye.

Vijana hawaji kwenye mikutano.

Waiteni kwenye kazi. Siku ya kuleta mawe, siku ya kupanda, siku ya kusafisha bwawa. Kijana aliyebeba jiwe kwa kamba na wenzake sita atalionesha hilo jiwe kwa watoto wake, na hilo halipatikani kwenye ajenda yoyote ya mkutano.

## Mchoro wenyewe

Tuanze na nini kwenye karatasi?

Msianze na karatasi. Kaeni kiwanjani asubuhi, mchana na jioni, na kwa nyakati tofauti za mwaka kama inawezekana. Maji ya mvua yanaenda wapi? Kelele za barabara zinatokea upande gani? Kuna mlima, mti mkubwa au hata mnara wa hekalu kwa mbali unaoweza kuingizwa kwenye mandhari? Wajapani wana mbinu ya kukopa mandhari ya mbali, unaficha vitu vya katikati (uzio, paa la jirani) kwa miti iliyopogolewa, halafu mlima wa mbali unakuwa kama mali yako. Kule Manzanar, kambi iliyokuwa jangwani California, safu ya Sierra Nevada ilisimama nyuma ya bustani za wafungwa. Hawakuruhusiwa kuuendea ule mlima, lakini bustanini ulikuwepo.

Baada ya hapo amua mahali pa kusimama, manne au matano tu, na nini kionekane ukiwa kila sehemu. Njia inakuja mwisho, kazi yake kuunganisha hizo sehemu.

Mawe yanapangwaje? Kuna sheria ya idadi?

Idadi witiri inapendelewa, tatu, tano, saba, kwasababu haigawanyiki sawa na jicho halitulii upande mmoja. Ila kuna jambo kubwa kuliko idadi. Kitabu cha kale cha Kijapani cha karne ya 11, Sakuteiki, kinaelekeza uweke jiwe kuu kwanza halafu yanayofuata uyaweke kwa jinsi lile la kwanza linavyotaka. Yaani mpangilio wote hauwezi kuamuliwa ofisini.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Jiwe linaning'inia kwenye winchi, fundi anazunguka, anainama, anaangalia uso wake uko wapi, kichwa kiko wapi, mistari yake inakimbilia upande gani. Anachimba shimo, jiwe linashuka, anasema pandisha, anachimba zaidi. Sehemu ya kutosha ya jiwe, mara nyingine theluthi nzima, inaingia ardhini, hata kama mmelinunua ghali na roho inauma. Jiwe lililokaa juu ya udongo linaonekana limetupwa, ila lililozikwa vizuri linaonekana lilikuwepo kabla yenu. Halafu udongo unashindiliwa kwa gongo pande zote mpaka ukilisukuma halitikisiki, hii ni usalama pia kwasababu watoto watapanda tu.

Tumieni mawe ya hapo hapo mlipo, tena ya aina moja au mbili basi. Jamii iliyohamia inakuwa imeshika ardhi mpya, na mawe ya ardhi hiyo yaseme hivyo.

Maji au kokoto kavu?

Kama hamna fundi wa pampu, hamna bajeti ya umeme na maji, na hamna mtu wa kusafisha chujio kila wiki, chagueni kavu. Bwawa linalovuja ndo limeua bustani nyingi za jamii, maji yanashuka, samaki wanakufa, watu wanachoka, linafukiwa.

Kwa kavu msitumie mchanga wa ufukweni, ni mwepesi na wa mviringo, mistari haishiki na upepo unaubeba. Tumieni kokoto ndogo za granite zenye kona, milimita 3 hadi 6 hivi, unene wa sentimita kama 5 hadi 8 juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Kuchana mistari kwa reki ni kazi nzuri ya kuwakutanisha watu, mzee na mtoto wanaweza kuifanya pamoja.

Kwa bwawa lenye samaki wa koi, kina kisipungue mita moja, na sehemu za baridi kali zaidi ya hapo. Wekeni kingo za ndani ziwe wima sehemu kubwa ili korongo asiingie kwa miguu kuwala. Maji yatembee, yakisimama mtafuga mbu.

Taa za mawe, daraja jekundu, lango la torii, viwekwe?

Taa moja mahali ambapo kweli mtu angehitaji mwanga, njia inapopinda au ukingo wa maji, inatosha. Daraja jekundu lipo hata Kubota Garden na linapendeza, ila liwe linavuka kitu. Torii mimi nashauri liachwe, ni lango la mahali pa ibada ya Kishinto, na jamii nyingi hizi zina Wabudha, Wakristo na wasiofuata chochote. Kama kuna familia za Kishinto waulizeni wao, sio duka la mapambo.

Wazee wetu wanatumia fimbo na viti vya magurudumu. Mawe ya kukanyagia si hatari?

Ni hatari, na bustani ambayo wazee hawaingii imeshindwa kazi yake kabla haijafunguliwa. Njia kuu iwe ngumu na sawa, upana mita 1.5 angalau ili viti vipishane na kugeuka, mwinuko usizidi sentimita 5 kwa kila mita moja. Hakikisheni mahali pazuri kuliko pote panafikika kwa njia hii, maana wengi wanakosea hapa, njia ya magurudumu inaishia langoni na uzuri wote uko kwenye mawe. Mawe ya kukanyagia yabaki njia ya pembeni. Na benchi, wekeni kila baada ya hatua chache, zenye mkono wa kushikilia mtu akinyanyuka.

## Mimea na matunzo

Lazima tuagize mimea Japani?

Hapana, na mara nyingine hairuhusiwi sababu ya wadudu na magonjwa. Kubota alichanganya miti ya asili ya pale kaskazini-magharibi na ya Kijapani, akaipogoa kwa mkono wa Kijapani, na hicho ndo kilichoipa bustani yake sura yake. Mkiwa sehemu kavu msihangaike na ule ukijani laini unaofunika ardhi na kutaka unyevu siku zote, kuna mimea mingi mifupi ya kutambaa inayofanya kazi hiyo hiyo. Weka miwili mitatu yenye historia ya familia zenu, kaki, yuzu (jamii ya limau), plamu ya Kijapani, hata kama mchoraji ananung'unika.

Kupogoa msonobari kuna ugumu gani? Si unakata tu?

Mashine ya kukatia ua isiukaribie. Msonobari unapogolewa kwa vidole. Majira ya kuchipua unatoa vichipukizi virefu kama mishumaa, unavibana kwa vidole na kuvikata nusu au zaidi, vile vya juu vyenye nguvu unakata sana na vya chini dhaifu unavihurumia, ili mti usikimbilie juu tu. Vuli unarudi kung'oa sindano za zamani, kitita kwa kitita, ukivuta kuelekea zinakoota, mpaka mwanga unapita katikati ya tawi. Mti mmoja wa wastani unaweza kumla mtu siku nzima. Harufu ya utomvu inabaki mikononi hata ukinawa.

Ndo maana misonobari isizidi idadi ya watu mlionao wa kuipogoa. Hesabuni mikono kwanza, miti baadae.

Nani ataitunza baada ya ufunguzi?

Hili lingekuwa swali la kwanza kwa kweli. Pesa ya kujenga hupatikana, kuna wafadhili, kuna picha, kuna mkuu wa mji wa kukata utepe. Pesa ya mwaka wa saba haina mtu. Kabla ya jiwe la kwanza muwe na mfuko wa matunzo uliotengwa, fundi mmoja wa kulipwa hata kama ni siku mbili kwa wiki, na kikundi cha kujitolea chenye siku yake inayojulikana. Fundi awe na kazi rasmi ya kufundisha wawili watatu vijana, kwasababu (rudi kwenye swali la bustani na asili) ujuzi ukikatika hapo mmebaki na miti tu.

## Maswali magumu

Tumechimba tukakuta mabaki ya bustani ya zamani. Tujenge juu?

Simamisheni kazi, pigeni picha, mtafuteni mwanaakiolojia. Manzanar ndo mfano. Kambi ilifungwa Novemba 1945, ikiwa imeshawahi kushika watu zaidi ya 10,000 kwa wakati mmoja, na bustani zake zikafukiwa na mchanga na mafuriko. Baada ya kuwa eneo la kihistoria la taifa 1992, wanaakiolojia wa hifadhi pamoja na watu wa kujitolea, wakiwemo waliofungwa pale na wajukuu zao, walizichimbua. Yakatoka mabwawa, maporomoko, na saruji yenye maandishi yaliyochorwa kabla haijakauka. Fikiria mtu amepiga magoti mbele ya mwandiko wa babu yake aliyekuwa hajawahi kusikia habari zake.

Pale walichagua kuonesha kilichobaki zaidi kuliko kujenga upya kila kitu, na mimi nakubaliana nao kabisa. Bwawa kavu lenye ufa ni la wafungwa wenyewe. Bwawa jipya juu yake lingekuwa la kwetu sisi.

Si ni vibaya kujenga kitu kizuri mahali watu walipoteswa?

Wafungwa wenyewe walishajibu. Manzanar watu walipanga foleni ya chakula mara tatu kwa siku, kwenye jua, upepo na vumbi, ndo wakajenga bustani kando ya kumbi za kulia ili anayesubiri apate kivuli na sauti ya maji. Walitumia mawe ya jangwani na saruji ya kuombea kibali. Kosa litakuwa kuacha uzuri ufiche kilichotokea, kwahiyo uzio wa seng'enge na majina ya watu visiondolewe ili picha zipendeze.

Jamii yetu imehama na mtaa sasa una watu wengine. Bustani ya nani?

Inatokea sana. Rainier Beach ilipo Kubota Garden leo ina Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wavietnamu, Wafilipino na Waamerika weusi, na harusi na picha za mahafali zinapigwa pale kila wikiendi. Historia ibaki ya familia ya Kubota, matumizi yawe ya mtaa. Wekeni maelezo kwa lugha zinazozungumzwa hapo, na kwenye kikundi cha kupogoa wakaribisheni majirani, maana nao wengi wanajua ardhi iliyoachwa nyuma ni nini.

Tuna uwanja wa mita nne kwa sita tu, nyuma ya kituo.

Inatosha. Mawe matatu, mti mmoja, kokoto, na sehemu ya kukaa watu watatu ndani chini ya paa, mlango ukifunguliwa wanaona yote. Nyumba za mjini Kyoto zina bustani ndogo kuliko hiyo.

Wafadhili wanataka majina yao yachongwe kwenye mawe ya bustani.

Hapana, hata kama ni jiwe kubwa walilolipia wao. Jengeni ukuta au ubao mmoja langoni kwa majina yote, waliotoa pesa na waliotoa migongo yao, kwa mpangilio wa alfabeti na herufi za ukubwa mmoja. Liandikwe kwenye makubaliano kabla pesa haijapokelewa, kulirekebisha baadae kunaleta ugomvi ambao kamati haitaumaliza.